Al-Biruni: Mwanazuoni aliyemvisha nyoka mkufu wa zumaridi

Hapo kale watu wengi waliamini kwamba nyoka akilitazama jiwe la zumaridi hupofuka. Habari hiyo ilikuwa vitabuni, washairi waliitumia, na waliosoma waliisadiki sawa na wasiosoma. Abu Rayhan al-Biruni naye aliisikia. Badala ya kuikubali au kuicheka, alimtafuta nyoka. Alimvisha mkufu wa zumaridi, akamtandikia zumaridi ndani ya kikapu chake, akamning'inizia nyingine mbele ya macho. Alikaa naye hivyo miezi tisa, joto na baridi. Kilichobaki, anaeleza, kilikuwa ni kumpaka zumaridi yenyewe machoni kama wanja. Nyoka hakupofuka. Kama kulikuwa na badiliko lolote, basi labda macho yake yalizidi kuona.

Jaribio hilo limo katika kitabu chake cha vito na madini, al-Jamahir, alichokiandika akiwa na umri wa miaka sabini hivi. Wakati huo alikuwa ameshaipima dunia, ameshajifunza Kisanskriti akiwa mtu mzima, na ameshaandika vitabu zaidi ya mia moja kuhusu nyota, kalenda, hisabati, jiografia na dini za watu. Angeweza kuiacha habari ya nyoka ipite. Hakuiacha, na hapo ndipo anapotofautiana na wasomi wengi wa zama zake, na wa zama zetu pia.

Jina lake halivumi kama majina ya wenzake. Ibn Sina anajulikana hata na watu ambao hawajasoma ukurasa wake mmoja, na al-Khwarizmi hutajwa kila inapotajwa aljebra. Biruni alibaki nyuma kwa sababu isiyohusu ukubwa wa kazi yake: watafsiri wa Ulaya waliogeuza vitabu vya Kiarabu kuwa Kilatini katika karne ya 12 na ya 13 karibu hawakuvigusa vyake. Ulaya ilianza kumsoma kwa dhati mwishoni mwa karne ya 19, pale Mjerumani Edward Sachau alipochapisha vitabu vyake viwili vikubwa na kuvitafsiri kwa Kiingereza.

Alizaliwa Septemba 973 pembezoni mwa Kath, uliokuwa mji mkuu wa Khwarazm, kusini mwa Bahari ya Aral. Leo eneo hilo liko Uzbekistan, na mji umepewa jina lake. Alibahatika kupata mwalimu asiye wa kawaida: Abu Nasr Mansur, mwanahisabati hodari aliyetoka katika ukoo uliotawala mji huo. Lakini mwaka 995 Kath ulitekwa na mtawala wa Gurganj, na kijana Biruni akalazimika kukimbia. Kuanzia hapo maisha yake yalifungamana na vita vya watu wengine. Kila mfalme alipoanguka, naye alihama, akibeba vitabu na hesabu zake.

Hata katika misukosuko hiyo kazi haikusimama. Mei 24, 997 mwezi ulipatwa. Biruni, akiwa amerudi Kath, alikuwa amekubaliana na Abu al-Wafa, mnajimu mkubwa wa Baghdad, kwamba kila mmoja atautazama kutoka kwake na kuandika saa. Mwezi unapopatwa, watu wote wanaouona huliona tukio hilo kwa wakati mmoja. Kinachotofautiana ni saa ya kila mji. Na kwa kuwa mbingu huonekana kuzunguka nyuzi 360 kwa saa 24, tofauti ya saa moja ni nyuzi 15 za longitudo. Walipolinganisha, tofauti ilikuwa kama saa moja. Wanazuoni wawili wasioonana, waliotenganishwa na mwendo wa majuma mengi wa misafara, walikuwa wamepima umbali wa mashariki na magharibi kati ya miji yao bila kutumia kamba wala kuhesabu hatua.

Karibu na mwaka 1000, akiwa bado hajatimiza miaka thelathini, alikuwa kwa mtawala Qabus huko Gurgan, karibu na Bahari ya Kaspi. Hapo ndipo alipoandika al-Athar al-Baqiya, kitabu cha kalenda na sikukuu za mataifa: Waajemi, Wayahudi, Wakristo wa madhehebu mbalimbali, Waarabu wa kabla ya Uislamu, na watu wa kwao Khwarazm. Anaeleza kila umma unavyohesabu mwaka, unavyofunga na unavyosherehekea, kisha anazigeuza tarehe za kalenda moja kuwa za nyingine. Msomaji wa Zanzibar atasimama kidogo kwenye sura ya sikukuu za Waajemi. Inazungumzia Nauruzi, siku ya mwaka mpya, na desturi ya watu kurushiana maji siku hiyo. Nairuzi yetu ya pwani, ile ya Mwaka Kogwa kule Makunduchi, inatokana na kalenda hiyo hiyo ya jua yenye siku 365. Biruni anaeleza pia kwa nini mwaka wa namna hiyo hukimbia majira: robo ya siku inayoachwa kila mwaka hujikusanya, na baada ya miaka 120 inakuwa mwezi mzima.

Katika miaka hiyohiyo alimwandikia Ibn Sina, aliyekuwa mdogo kwake kwa miaka saba hivi na tayari ana sifa kubwa. Alimtumia maswali kumi na manane, kumi yakihusu kitabu cha Aristotle cha mbingu na manane yakihusu maumbile. Hayakuwa maswali ya mwanafunzi. Aristotle anakanusha kuwapo kwa ulimwengu mwingine. Kwa hoja gani hasa? Kwa nini mbingu ziwe duara tu, na zisiwe na umbo la yai? Mwanazuoni anapotegemea kauli za waliomtangulia, je, hapo ametoa ushahidi?

Mengine yalitoka moja kwa moja kwenye vitu anavyovijua kila mtu. Kama baridi husinyaza vitu, mbona chupa iliyojaa maji hupasuka maji yanapoganda? Barafu inaelea juu ya maji kwa sababu gani? Tufe la kioo lililojaa maji huweza kukusanya miale ya jua na kuwasha moto. Likiwa na hewa tupu haliwezi. Kwa nini?

Ibn Sina alijibu kwa kumtetea Aristotle, mahali pengine kwa ustadi mkubwa. Biruni hakuridhika, akarudisha hoja kwa maneno makali, na hatimaye Ibn Sina akamwachia mwanafunzi wake al-Ma'sumi aendeleze majibu. Ni rahisi leo kusema Biruni alishinda, kwa kuwa chupa kweli hupasuka. Haki ni kusema kwamba wawili hao walikuwa na njia mbili tofauti za kutafuta ukweli. Ibn Sina alitaka mfumo mmoja uliokamilika, unaoeleza kila kitu kuanzia jiwe mpaka roho. Biruni aliuangalia mfumo huo na kuuliza kuhusu chupa.

Mwaka 1017 Sultani Mahmud wa Ghazna aliiteka Khwarazm, iliyokuwa na wanazuoni wengi katika baraza la mtawala wake, Biruni aliyekuwa amesharudi kwao akiwa mmoja wao. Ibn Sina alikuwa ameshaondoka mapema, hakutaka kumtumikia sultani huyo. Biruni alichukuliwa hadi Ghazna, katika Afghanistan ya leo. Alikuwa na hadhi inayotatanisha: hakuwa huru kwenda atakako, wala hakuwa mfungwa wa pingu.

Kuna ukurasa mmoja wa maisha yake unaomwonyesha katika hali hiyo. Oktoba 14, 1018 alikuwa kijijini Jayfur, karibu na Kabul, akiwa na dhiki kubwa. Alitaka kujua latitudo ya mahali pale kwa kupima urefu wa jua angani, lakini hakuwa na chombo chochote. Basi aligeuza ubao wake wa kuhesabia, akachora upinde wa duara nyuma yake, akaugawa kwa nyuzi, akapima. Tarehe na mahali ameviandika mwenyewe.

Habari hiyo iko katika kitabu chake cha kupima mahali pa miji, kilichokamilika mwaka 1025, na swali lililokizaa linafahamika kwa kila Mwislamu: kibla kiko wapi? Ukiwa Ghazna, uelekee upande gani ili uelekee Makka? Kwa Biruni hilo lilikuwa swali la ibada na la hesabu kwa pamoja. Ili kulijibu ni lazima ujue latitudo na longitudo za miji yote miwili, na ili uzijue inabidi uunganishe vipimo vya miji iliyo njiani. Alifuata njia ya kaskazini kupitia Rayy na Balkh, halafu ya kusini kupitia Shiraz na Zaranj, ili njia moja ihakiki nyingine. Palipokuwa na hitilafu aliieleza, hakuificha.

Hakuwa na subira na wale waliodhani elimu hii inapingana na dini. Katika kitabu chake cha vivuli, kinachohusu pia nyakati za sala, anasimulia kisa cha mtu aliyekataa chombo cha kupimia wakati kwa kuwa kiliandikwa majina ya miezi ya Kirumi. Biruni alimjibu kwamba Warumi nao hula chakula na hutembea masokoni. Basi na hayo pia asiwaige.

Kazi yake iliyovuma kuliko zote ni ile ya Nandana, ngome iliyokuwa juu ya safu ya milima katika Punjab, leo nchini Pakistan. Tangu karne mbili nyuma, wanajimu wa Khalifa al-Maamun walikuwa wameupima mzingo wa dunia kwa kazi ngumu. Makundi mawili yalitembea jangwani, moja kaskazini na jingine kusini, yakipima ardhi kwa kamba mpaka urefu wa nyota ya kaskazini ubadilike kwa digrii moja. Kazi hiyo ilihitaji uwanda mpana, watu wengi na hazina ya khalifa. Biruni hakuwa na watu wala hazina. Alichokuwa nacho ni mlima mmoja unaotazama uwanda tambarare, na pembe.

Kwanza alijua urefu wa mlima kwa kuutazama kutoka sehemu mbili chini yake na kupima pembe ya kilele kila mara. Alipata dhiraa 652 na kitu, yaani mita zaidi ya 300. Kisha akapanda juu, akatazama pale ardhi inapokutana na mbingu. Mtu aliye juu mlimani haoni upeo ukiwa sawa na jicho lake. Unakuwa chini kidogo, kwa sababu dunia imejikunja. Alipima mwinamo huo ukawa dakika 34 za pembe, zaidi kidogo ya nusu digrii. Mstari kutoka jichoni hadi upeoni, mstari kutoka upeoni hadi kitovu cha dunia, na mwingine kutoka kitovuni kupanda hadi kileleni hufanya pembetatu yenye pembe mraba. Ukiujua urefu wa mlima na pembe ile ndogo, nusu kipenyo cha dunia kinatoka kwa hesabu. Alipata dhiraa 12,803,337.

Ukiichukua dhiraa kuwa pungufu kidogo ya nusu mita, hizo ni kilomita zaidi ya 6,300. Wastani unaokubalika leo ni kilomita 6,371. Watafiti wanabishana kuhusu dhiraa yake ilikuwa na urefu gani hasa, na wengine wanaona bahati ilimsaidia, kwa kuwa miale ya mwanga hupinda hewani na kuuinua upeo kidogo. Hoja zao zina uzito. Hata hivyo ubora wa kazi ile haukutegemea tarakimu za mwisho. Njia ndiyo iliyokuwa kubwa. Biruni mwenyewe hakuitangaza namba yake kama ushindi: aliona iko karibu na ya wanajimu wa al-Maamun, na akaona ni haki kuitegemea ya kwao, maana walikuwa na vyombo bora zaidi.

Ni vita vya Mahmud vilivyomfikisha Punjab. Sultani alivamia kaskazini mwa India mara kwa mara, akapora mahekalu na kurudi na mali na watumwa. Biruni alifika katika nchi ile kutoka upande wa mshindi, na angeweza kuiandika kama washindi wanavyoandika. Badala yake alikwenda kwa Wabrahmani kujifunza Kisanskriti, na umri wake umeshapita miaka arobaini. Analalamika juu ya ugumu wa lugha hiyo, wingi wa majina ya kitu kimoja na makosa ya wanakili. Alitafsiri kwa Kiarabu kitabu cha yoga cha Patanjali, na akafanya kazi ya kuwapa Wahindi hesabu za Euclid na falaki ya Ptolemy kwa beti za Kisanskriti.

Anasimulia kwamba mwanzoni alikaa mbele ya wanajimu wao kama mwanafunzi mbele ya mwalimu. Alipokwisha kuelewa, alianza kuwaonyesha sababu za mambo na njia za uthibitisho wa hesabu. Walishangaa, wakamzunguka, wakataka kujua ni bingwa gani wa Kihindi aliyemfundisha.

Matunda yake ni kitabu cha India, sura 80, kilichokamilika karibu na mwaka 1030, mwaka aliofariki Mahmud. Utangulizi wake peke yake ni somo la uandishi. Anaanza na tofauti kati ya kuona na kusikia, kisha anazipanga aina za waongo: anayesema uongo kwa faida ya watu wake, anayeusema kwa kumchukia mwingine, anayeusema kwa tabia tu, na anayeusema kwa kutojua, akifuata waliomtangulia. Halafu anaweka ahadi: hiki si kitabu cha kubishana. Ataeleza Wahindi wanasema nini, kwa maneno yao wenyewe, hata pale yanapopingana na imani yake. Anashika ahadi hiyo karibu kila mahali.

Kuhusu ibada ya masanamu, kwa mfano, anasema wasomi wa Kihindi humwamini Mungu mmoja asiye na mwanzo wala mwisho, na kwamba masanamu ni ya watu wa kawaida wanaohitaji kitu cha kushika na kuona. Kisha anasema hali hiyo iko kwa kila umma, na anatoa mifano kutoka kwa Wagiriki, Wayahudi, Wakristo na Waislamu. Wala hakumstahi sultani. Anaandika waziwazi kwamba vita vya Mahmud viliharibu ustawi wa nchi, vikawatawanya watu kama vumbi, na vikazifukuza elimu za Kihindi kwenda sehemu za mbali kama Kashmir na Banaras. Aliandika hayo akiwa Ghazna, mji mkuu wa dola hiyo.

Katika kitabu hichohicho kuna sentensi ambayo mtu wa pwani ya Afrika Mashariki hawezi kuipita haraka. Akieleza kwa nini Somnath, bandari ya Gujarat yenye hekalu maarufu lililobomolewa na Mahmud, ilipata umaarufu wake, Biruni anasema ilikuwa kituo cha mabaharia waliokwenda na kurudi kati ya Sofala ya nchi ya Zanj na China. Sofala hiyo iko Msumbiji. Mwanazuoni aliyezaliwa mbali kabisa na bahari kuu alijua kwamba pwani yetu iko ndani ya biashara ya dunia, na alilitaja hilo kama jambo la kawaida.

Ardhi nayo aliisoma kama kitabu. Alitazama mawe ya uwanda wa India: karibu na milima ni makubwa na yamelainishwa na mito iendayo kasi, mbali zaidi ni madogo, na kwenye midomo ya mito ni mchanga mtupu. Akahitimisha kwamba uwanda ule ulikuwa bahari zamani, ukajazwa na udongo ulioletwa na mito.

Alipima pia uzito wa madini na vito kwa kuulinganisha na ujazo wake. Alitengeneza chombo chenye shingo nyembamba na mrija, akakijaza maji, akatumbukiza kipande cha dhahabu, akayapima maji yaliyomwagika. Dhahabu ilitoka nzito kuliko maji mara 19 hivi, na ndivyo inavyosomwa leo. Kwa muuza vito wa wakati ule hiyo ilikuwa njia ya kumnasa tapeli bila kukikwaruza kito. Vipimo hivyo vilihifadhiwa na al-Khazini katika kitabu chake cha mizani cha mwaka 1121.

Sultani Masud, mwana wa Mahmud, alimthamini zaidi kuliko baba yake. Kwa jina lake Biruni aliandika al-Qanun al-Masudi, mkusanyo mkubwa wa falaki katika makala 11. Yaqut, mwandishi wa wasifu wa karne ya 13, anasimulia kwamba Masud alimtuzia mzigo wa fedha wa tembo mzima, na Biruni akaurudisha hazina kwa kuwa hakuuhitaji. Katika suala la dunia kujizungusha, ambalo alikuwa amelikuta kwa Aryabhata wa India na kwa rafiki yake al-Sijzi, alikiri kwamba hesabu za nyota hazibadiliki ukichukua upande wowote. Mwishowe aliiacha dunia imesimama. Alikosea hapo, lakini baada ya kuipa hoja ya upande wa pili nafasi yake kamili.

Yaqut anasimulia pia saa zake za mwisho huko Ghazna, karibu na mwaka 1048. Faqihi mmoja alikwenda kumjulia hali, akamkuta anapumua kwa shida. Biruni akamkumbusha suala la mirathi ya bibi wa upande wa mama walilowahi kulizungumza, akataka amweleze tena. Faqihi akastaajabu: katika hali hii? Mgonjwa akamjibu kwamba ni bora aiage dunia akilijua kuliko akiwa halijui. Akaelezwa, akalirudia mpaka akalishika. Faqihi alipotoka, hata hajafika mbali, alisikia kilio ndani ya nyumba.

Vitabu vyake vilivyotufikia ni vichache mno kuliko alivyoandika. Hivyo vilivyopo vinastahili kuwafikia vijana wetu kwa lugha yao. Mwalimu wa hisabati anayefundisha pembetatu katika kidato cha tatu au cha nne awape wanafunzi wake mlima wa Nandana, dhiraa zake 652 na dakika zake 34, wautafute ukubwa wa dunia wenyewe. Hesabu inatoshea ubao mmoja. Na pwani hii haijawahi kukosa watu wenye Kiarabu kizuri. Mmoja wao na achukue kalamu aanze na utangulizi wa kitabu cha India, zile kurasa chache za kuona na kusikia, auweke katika Kiswahili.